Gari Lisilojulikana

Pu! Ilikuwa sauti moja tu. Wote walioisikia usiku ule hapa Kanja wanakubaliana juu ya hilo: honi haikuitangulia, breki haikuifuata, na mbwa hawakubweka mpaka ilipokwisha. Asubuhi tukaambiwa ni Cicily, aliyekuwa akitoka maombini kwa miguu. Polisi wakaandika kwamba amegongwa na gari lisilojulikana, na maneno hayo yamekaa nasi kijiweni tangu siku hiyo kama mteja asiyelipa. Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya kinu cha mahindi kilichofungwa. Hapo Eunice huuza kahawa ya mbuni, zile buni duni zisizouzwa nje, anayoikaanga mwenyewe, kwa watu waliolima kahawa maisha yao yote bila kuionja. Cicily, ambaye wengi humwita Mama Ann, hukaa mwisho wa benchi, mguu wa kulia ameunyoosha, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Zamani alichuma majani chai. Siku hizi husikiliza. Jumanne ninayoisimulia, karibu miaka mitatu baada ya usiku ule, alikuwa amerudi kutoka hospitali ya mjini Embu, na Eunice ndiye aliyetutangazia alichoambiwa huko.

— Daktari amesema nyama imeoza kuzunguka kile chuma walichomtia ndani ya mfupa. Ama afunguliwe tena kitolewe, ama mguu ukatwe. Na hiyo operesheni, wazee, si ya watu wa kunywa mbuni.

— Aliyemgonga ndiye wa kulipa, akasema Turubo. Jina lake halisi ni Njura, ni mwendesha boda, na mdomo wake hufika kabla ya pikipiki.

— Alipe nani? Gari lisilojulikana?

— Linajulikana! Ni la miraa, kutoka Mikinduri. Wale hawakanyagi breki. Ukikanyaga breki miraa inakauka.

— Miraa inapita barabara kubwa kule chini, akasema Eunice. Ipande huku Kanja kumuuzia nani? Katekista?

Katekista ni Nthiga. Aliacha mafunzo ya ukatekista katikati lakini akabaki na sauti yake.

— Mimi ni mtu wa kanisa. Sitafuni.

— Mbona meno ni ya kijani?

— Ni sukuma wiki.

Tukacheka. Cicily naye alitabasamu kidogo, kisha akaurudisha uso wake barabarani.

— Nyinyi mnapoteza wakati, akaingilia Wakili. Huyu ni Nyaga. Tulianza kumwita Wakili aliposhindwa kesi ya shamba katika kila korti iliyokubali kumsikiliza. Akaendelea: Sheria haimjui mtu wa miguu. Gari lina namba. Dereva ana leseni. Hata ng'ombe akisafirishwa ana kibali. Mtu wa miguu ana nini? Viatu. Utaenda kortini na viatu?

— Ana kitambulisho.

— Hicho ni cha kupigia kura. Tena sikizeni, mimi nilienda nikapima pale mahali. Mguu mmoja ulikuwa kwa majani, mwingine kwa lami. Ule wa majani ulipwe. Ule wa lami ndio uliingilia gari.

— Na ulioumia ni gani?

— Wa lami.

— Basi!

— Basi. Kwa sheria Mama Ann ashukuru tu hawajamdai taa ya gari.

Eunice akammiminia kahawa bila kumwangalia, na nyingine ikamwagikia goti lake.

— Mwenda pole hajikwai, akasema Katekista, kwa ile sauti ya madhabahuni.

— Kwani alijikwaa? Aligongwa!

— Ndiyo hiyo. Wahenga walisema hajikwai. Hawakusema hagongwi. Na tena kikulacho ki nguoni mwako. Usiku ule Mama Ann alikuwa amevaa sweta nyeusi. Nguo ndiyo ilimmaliza.

— Sasa sweta ndiyo ilikuwa inaendesha?

— Hakuna aliyekuwa anaendesha, akasema Turubo, akashusha sauti. Siku hizi kuna magari ya kompyuta. Yanajaribiwa usiku, mahali kama hapa kwetu, kwa watu ambao hawawezi kushtaki. Ndiyo sababu hakukuwa na breki. Kompyuta itaogopa nini?

— Wacha uongo, akasema Wakili. Ni mawakili. Kesi zikipungua mjini wanatuma gari moja lizunguke. Ulishaona fundi wa majeneza akiombea watu afya?

— Kama ni mawakili mbona hawakuja kuchukua kesi yao?

— Alikuja mmoja, akasema Eunice, na kicheko kikatufia midomoni. Mmesahau? Yule broka wa suti, aliyesema ametumwa na mawakili. Alimfuata hadi wodini, akamshika mkono, akamwita mama. Akachukua zile picha za eksirei, ati za ushahidi. Mpaka leo ukimpigia simu, hapatikani.

Upepo ulipita na vumbi la barabara likaingia vikombeni, na tukanywa hivyo hivyo.

— Heri ana mkwe, akasema Turubo baadaye, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika. Yule jamaa ni dhahabu. Ni mwanamume gani mwingine hapa Kanja ameketi akafikiria goti la mama mkwe? Akamjengea choo cha kukalia! Cha mabati mapya! Mimi mume wa dada yangu tangu amwoe hajamletea mama hata msumari.

Cicily alikuwa anakitazama kikombe chake.

Hapo ndipo boda ilipomshusha msichana mwenye mkoba mgongoni na viatu vyekundu kwa udongo wetu. Eunice akainuka kumlaki.

— Nilimpigia mimi. Anaitwa Purity. Anatoka ile ofisi ya msaada wa kisheria mjini. Hawalipishi.

— Wasiolipisha ndio ghali, akasema Wakili.

— Habari zenu, wazee. Mama, pole sana na mguu.

— Wewe ni wa wapi, binti? akauliza Turubo.

— Kwetu ni Mikinduri, Meru. Baba yangu huendesha gari la miraa.

Turubo akameza.

— Karibu kahawa. Sasa hivi tulikuwa tunawasifu madereva wenu.

Purity alikaa karibu na Cicily. Alieleza polepole, akitumia maneno ya kawaida. Mtu wa miguu ana haki barabarani kama mwenye gari. Kila gari lazima liwe na bima, na bima hiyo ipo kwa ajili ya wale litakaowaumiza. Kesi ya kuumia hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na ya Cicily ilikuwa inatimia mwezi huo huo.

— Kwa hivyo anayelipa si dereva? akauliza Cicily. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

— Ni kampuni ya bima, mama, ikiwa bima ilikuwa hai. Kama haikuwa hai, ni mwenye gari.

— Hata siku ile ya kugongwa ningeambiwa hivyo?

— Hata siku ile.

— Hiyo mimi nilijua, akasema Wakili.

— Wewe nyamaza na mguu wako wa majani! akafoka Eunice.

— Shida ni moja, akaendelea Purity. Karatasi ya polisi inasema gari lisilojulikana. Hatuwezi kushtaki gari lisilojulikana. Nani alimwona dereva?

Turubo alikuwa nyumbani. Wakili alikuwa amelala. Katekista aliisikia ile sauti akadhani ni gunia limeanguka.

— Na mama mwenyewe?

Tukatazamana.

— Hajawahi kusema, akajibu Turubo.

— Mlimuuliza?

Tulikuwa tumepima barabara. Tulikuwa tumeihukumu sweta, tumeilaumu Mikinduri nzima, tumeichunguza kompyuta. Miaka hiyo yote alikuwa ameketi hapo, mwisho wa benchi letu, akinywa kahawa yetu. Hakuna aliyemuuliza.

Cicily aliweka kikombe chini.

— Alisimama, akasema. Mbele kidogo. Akarudi kwa miguu, akanimulika na simu. Nilisikia tu akisema "maitu", yaani mama, jinsi wanavyoniita nyumbani. Gauni lilikuwa limepasuka mpaka juu. Akavua jaketi, akanifunika, akaangalia kando. Kisha akakimbia, nikasikia gari likiondoka.

— Nani? akasema Eunice. Mama Ann, ni nani?

— Ni mume wa Ann.

Turubo alisimama, akakaa tena. Katekista akajipiga ishara ya msalaba, nusu tu.

— Hapana, akasema Wakili. Yule?

— Asubuhi alikuja wodini na maziwa, akasema Cicily. Alisimama mlangoni kama mkwe anavyosimama, hakuingia, akalia. Nikangoja aseme. Nikasema moyoni, leo ni watu wengi, atasema kesho. Akajenga choo. Kila nikiingia mle naona ndiyo maneno yake, ameyapigilia misumari.

— Alifukuzwa na mila, akasema Katekista. Mkwe hawezi kumbeba mama mkwe akiwa hivyo, nguo zimepasuka. Ni mwiko. Angefanya nini?

— Mila ilimfukuza mpaka kwa gari ikamwashia injini? akasema Eunice. Na simu si ilikuwa mkononi? Si angepiga hata bila kusema ni nani?

Purity aliuliza kwa upole:

— Ann anajua?

— Jaketi ilikuwa bado kitandani kwangu. Ann akaiona, akaikunja, akaenda nayo. Wiki iliyofuata nilimwona mumewe akiwa ameivaa. Ilikuwa imefuliwa vizuri sana.

Gari likapita. Sote tuliligeukia, kisha tukaacha.

— Pole, mama. Purity alitoa kalamu. Anaitwa nani?

Lilikuwa swali dogo kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Jina hilo tunalijua. Tumelipaza mara nyingi ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, akipita na pikapu yake ya makadamia. Cicily hakulisema, na Purity akatugeukia sisi.

— Wazee?

— Mimi sikuwepo, akasema Wakili. Ushahidi wa kuambiwa si ushahidi.

— Mimi tulitahiriwa naye mwaka mmoja, akasema Turubo. Mtu wa rika lako huwezi kumtoa kwa polisi.

— Mimi nilisimamia ndoa yao kanisani, akasema Katekista, na mara hii sauti yake ilikuwa ya kawaida, tena ndogo.

Eunice akageuka kupanga vikombe. Makadamia yote ya mumewe hununuliwa na mtu huyo. Nami nikaangalia ndani ya kikombe changu, na hakukuwa na kitu humo isipokuwa machicha.

— Hata wakisema wao haisaidii, akasema Purity. Maelezo ni yako, mama. Hakimu atakuuliza wewe.

— Binti yangu, wewe ni wa Meru, unajua. Mama mkwe hataji jina la mkwe. Tangu walete mbuzi wa kwanza wa mahari pale kwangu sijalitia mdomoni. Namwita Baba Wawira, kwa jina la mjukuu wangu.

— Korti haitamjua Baba Wawira. Embu hii ina akina Baba Wawira wangapi?

— Wengi, akakubali Cicily. Nikitaja, watamfunga?

— Sitakudanganya. Alikimbia, na kukimbia ni kosa. Wanaweza kumshtaki. Na kampuni ya bima ikisikia ni mkwe wako, itasema mmepanga. Itapigana.

— Kwa hivyo naweza kumpoteza Ann, na wajukuu, na bado nisilipwe.

— Ndiyo, mama.

— Na nikinyamaza?

Purity aliutazama ule mguu ulionyooshwa, umevimba, soksi imekatwa ili uingie. Eunice aliinamisha birika juu ya kikombe cha Cicily na hakuna kilichotoka. Akaliacha limeinama hivyo hivyo.

— Alikuwa akiniita maitu tangu kabla hajamwoa Ann, akasema Cicily. Alipoanza kuja nyumbani nilimwambia, mimi sina mtoto wa kiume. Nikamwambia wewe utakuwa.

Akaushika mguu wake kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu, taratibu, kama anayesogeza kitu ambacho tayari si chake. Purity alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Cicily akakaza macho yake ardhini, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu.

— Gachoki, akasema.