Bendera ya Kijivu ya Filomena Avelar

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupima hewa katika Bonde la San Joaquin, mwenzetu Filomena Avelar anastaafu tarehe 30 Septemba. Sherehe ameikataa. Keki ameikubali, kwa sharti kwamba aioke mwenyewe, maana anadai ya dukani ina ladha ya boksi.

Wageni ofisini humcheka. Ukimuuliza kama mkurugenzi yupo, atakujibu, "Sijamwona. Sikusema hayupo." Sisi wakongwe hatucheki, kwa sababu tunajua jibu hilo lilikotoka.

Alianza na mitambo mikubwa ya serikali. Vilipokuja visanduku vya bei nafuu vya kupima ozoni, gesi ambayo ikitanda chini karibu na watu huumiza mapafu, yeye ndiye aliyepanda ngazi kuvifunga juu ya mapaa ya shule zote za mji wetu wa Almendra, jua likimkaanga mgongo. Kila mchana, kabla ya michezo, shule zilipandisha bendera kwa kufuata ramani yetu: kijani, watoto watoke; nyekundu, wabaki ndani. Tulijivunia kazi ile.

Lakini kila kisanduku kina kikomo, na ozoni iliyo chini ya kikomo hicho hakiioni. Kikiwa kipya, kikomo ni kidogo. Kikishapigwa na joto na vumbi la mavuno ya lozi, kikomo hupanda, kisanduku huanza kupofuka, na hewa chafu hukipita hivi hivi. Filomena ndiye aliyeipanga ramani: kisichoonekana kiandikwe sifuri, na sifuri ipakwe kijani. Hakupenda ramani yenye mapengo.

Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, bendera ya kijani ilipepea, na Adán Quiroz, kijana wa miaka kumi na tano mwenye pumu, akatoka kukimbia na wenzake. Hewa ilikuwa chafu. Kisanduku cha juu ya paa lao hakikuiona. Alianguka kando ya uzio wa shamba la lozi, akafia hospitalini.

Kabla ya mkutano wa wazazi, mwanasheria wa ofisi yetu alituonya tufunge midomo. Mama yake Adán, Eufrasia, alisimama akiwa bado na aproni ya kiwanda cha zabibu.

"Niliitazama bendera," alisema. "Nikamwambia mwanangu, nenda."

Filomena naye akasimama. "Kisanduku hakikuona kitu, mama. Aliyesema hewa ni safi ni mimi."

Sijui kama alisamehewa. Najua alivishusha visanduku vyote, akavipima upya kando ya mtambo mkubwa, na amefanya hivyo kila kiangazi tangu hapo. Kisha akadai rangi mpya, kijivu: hatujui, watoto wakae ndani. Wakubwa walilalamika kwamba tutaonekana hatuijui kazi yetu. Akawaambia kuna siku hatuijui kweli.

Bendera zile za kijivu alizishona Eufrasia, za shule zote. Alikuja nazo mwenyewe, akaziweka mezani kwa Filomena, akaondoka.

Dada Filomena, asante kwa ngazi zote ulizopanda, na kwa kusimama siku ile wakati sisi wengine tulikuwa tunaangalia viatu vyetu. Tunakuombea mapumziko marefu na pumzi ya kutosha.

Ninapoandika haya, shuleni kwa Adán bendera ni ya kijivu. Uwanja ni mtupu. Watoto wamejazana ndani wakinung'unika, na wote wako hai.