Maji ya Paa la Nani?

Pale vichochoro viwili vinapokutana, nyuma kidogo ya Darajani, lipo baraza la mawe lililong'aa kwa kukaliwa. Baada ya sala ya alasiri Hafiz, muuza kahawa, huweka hapo dele lake, na makaa hayajashika vizuri, wenyewe wa baraza wameshafika. Kwanza Mkadam, mzee wa redio kwapani, ambaye hasemi neno mpaka aanze na "ripoti nilizonazo", wakamwita Ripoti. Kisha Abdulrazak, dalali wa nyumba, aliyebandikwa jina la Hati, maana kwake kila ugomvi duniani una hati iliyofichwa mahali. Wa tatu Mzee Ubwa, mpishi wa shughuli, mtu ambaye hakuna harusi mtaani iliyoliwa bila ya mkono wake. Yeye ni Masufuria. Siku hiyo, katikati ya masika, Masufuria alifika macho mekundu, akapokea finjani ya kahawa na kuishika mpaka ikapoa.

— Umelia tena, alisema Mzee Ubwa.

— Mtoto? aliuliza Hafiz.

— Ukuta. Na mtoto vilevile.

Hakuhitaji kueleza, walikuwa wakijua. Binti yake Thuwaiba alikuja kwao kujifungua na kumaliza arobaini yake. Mama yake, Bi Mwanakheir, akamtengenezea chumba cha chini, cha uani, kwa kuwa mzazi hapandishwi ngazi. Kitoto kilikuwa na siku ishirini na tatu. Tangu mvua ya kwanza ukuta wa chumba kile ulianza kutoka jasho. Chokaa ikavimba, ikabanduka mapande mapande, na pembeni mwa kitanda ukaota ukungu mweusi. Kisha kitoto kikaanza kukohoa, kikohozi chembamba ambacho Mzee Ubwa alikisikia hata akiwa hayupo nyumbani.

Na mwenye kosa walikuwa wakimjua pia: Shabbir, muuza vitambaa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Miaka arobaini wamekaa baraza moja. Mwaka jana Shabbir alitengeneza paa lake akaweka mlizamu mpya, ule mdomo wa bati unaotema maji ya mvua, na mdomo wenyewe ukaelekea upande wa Ubwa. Wiki tatu nyuma walitukanana juu ya mlizamu huo, na tangu siku hiyo Shabbir hakukanyaga tena barazani. Kisha asubuhi moja, Shabbir akiwa dukani, Mzee Ubwa alipanda ngazi, Ripoti kaishika chini, akauziba mlizamu kwa matambara na saruji.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Ripoti alimwambia siku ile. Basi ziba!

Akaziba.

— Leo siku ya kumi, alisema Mzee Ubwa sasa. Na ukuta ndiyo kwanza umezidi.

— Umezidi! Hati alijipiga kofi gotini. Huo ndio ushahidi. Angekuwa hana hatia, ungekauka.

— Hebu rudia hiyo, alisema Hafiz.

— Yakhe, mlizamu ule ulikuwa wa kutupumbaza. Wa kuonekana. Upo mwingine usioonekana. Bomba! Limepita ndani kwa ndani, linamwagia chini ya kitanda cha mzazi.

— Ripoti nilizonazo, alisema Ripoti, mafundi wake walikaa siku tisa. Paa lile kazi ya siku nne. Tano zilizobaki walikuwa wakichimba nini?

Mzee Ubwa aliinua macho. Hizo siku tano hakuwahi kuzifikiria.

— Anaitaka nyumba, Hati aliendelea, sauti kaishusha. Nyumba ya mawe ukiinywesha maji miaka miwili haisimami. Ikilala, kinabaki kiwanja. Na kiwanja kina hati. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mie jana nilimwona Shabbir anaanika magodoro, alisema Hafiz. Matatu. Na mkewe, Bi Banu, anakamua zulia mpaka mikono inamtetemeka.

— Magodoro makavu hayo! Kayamwagia maji mwenyewe, apate kusema na yeye kalowa.

— Magodoro matatu, Ripoti?

— Ndiyo ujanja wenyewe. Moja nani angeamini?

Mzee Ubwa alihisi kitu kimemgusa mbavuni, kama mtu anayemwita kwa kidole. Akanywa ile kahawa iliyopoa ili kisimguse tena.

— Wahenga hawakukosea, Ripoti alisema. Kikulacho ki nguoni mwako. Shabbir anauza nini?

— Vitambaa, alijibu Hafiz.

— Nguo! Wazee walishamtaja zamani, sisi hatukusikia.

— Mie nnakwenda mbali zaidi, alisema Hati. Ile hoteli ya nyuma, ina birika la kuogelea juu ya paa. Siku wakilimwaga, maji yale yanakwenda wapi? Umewahi kuyaona njiani?

— Sijayaona.

— Hayaonekani! Yanapita njia ya chini, ya tangu enzi za masultani, na ramani yake anayo Shabbir. Na bahari nayo ikijaa, inapandia njia hiyo hiyo. Masufuria, maji ya ukutani uliyaonja?

— Niliyaonja.

— Yana chumvi?

— Yana chokaa.

— Chumvi imefichwa ndani ya chokaa, alisema Ripoti.

Hafiz alicheka, lakini Mzee Ubwa hakucheka. Kikohozi kilikuwa masikioni mwake.

— Kesho nnaleta fundi, alisema. Nautoboa ukuta wa Shabbir mpaka nilione bomba.

— Kwa nini kesho? Hati akauliza. Leo mwenyewe yuko dukani.

Mzee Ubwa alikuwa keshatoa simu kumpigia fundi pale mlango wa nyumba yake, ulio mkabala na baraza, ulipofunguka. Akatoka mwanamke mwenye mkoba, Bi Rukaiya, nesi mgeni wa kituo cha afya, mtu wa Chukwani. Mtaa huo ilikuwa mara yake ya kwanza kuukanyaga. Bi Mwanakheir ndiye aliyemwita aje kukitazama kitoto.

— Asalam alaykum. Shikamooni wazee.

— Waalaykum salaam. Marahaba.

— Mwenye nyumba hii nani?

— Naam. Mie.

— Kifua cha mjukuu wako hakijafika pabaya, mzee. Lakini kile chumba asilale tena hata leo. Nimekaa kitandani, nguo imelowa. Ule ukungu ndio anaouvuta.

— Tunajua, mwanangu. Ni jirani yetu huyu…

Wakamweleza wote kwa pamoja: mlizamu, siku tano, bomba, hoteli, ramani. Bi Rukaiya alisikiliza mpaka mwisho, mkoba kaukumbatia. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya mawe, makubwa makubwa. Akatazama juu.

— Na maji ya paa lako wewe, mzee, yanashukia wapi?

Mzee Ubwa alitazama paa lake. Nyumba ile ilikuwa ya baba yake. Alikuwa akijua mchele wa watu mia tatu unataka nyama kiasi gani na chumvi mikono mingapi. Maji ya paa lake yanashukia wapi, hakujua. Akamtazama Hati, aliyeuza nusu ya nyumba za mtaa ule. Hati akatazama makubadhi yake. Ripoti akaizima redio.

— Yanashuka chini, alisema Ripoti hatimaye.

— Chini wapi?

Mvua ikamiminika.

— Basi twende tukatazame, alisema Bi Rukaiya. Yanashuka hivi sasa.

Mzee Ubwa alimfuata. Hati na Ripoti wakaishia ukumbini kwa heshima ya mzazi. Uani, maji ya paa zima yalikuwa yakianguka kama pazia juu ya sakafu ya saruji. Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka miwili nyuma alijenga banda la kupikia, na mfereji wa bati uliokuwa ukiyapokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye mtaro wa njiani ukamzuilia nguzo. Aliung'oa kwa mikono yake. Kisha akamwaga saruji ua mzima, masufuria makubwa yasiyumbe, na ule mchirizi wa zamani uliokuwa ukizunguka ua akaufukia. Sakafu ilikuwa imeinamia wapi, hakutazama. Ilikuwa imeinamia chumbani. Maji yalianguka, yakakimbia, yakasimama kwenye mguu wa ukuta, na ukuta ukayanywa.

Thuwaiba alikuwa kasimama mlangoni, mtoto kifuani.

— Kila mvua ndivyo hivi, baba, alisema. Nilidhani unajua.

Mzee Ubwa alimpokea mtoto, akampandisha juu mwenyewe, akamlaza kwenye kitanda chake, mahali pakavu. Akashuka, akachukua mtaimbo, akaanza kuivunja saruji yake pale ulipokuwa mchirizi. Bi Mwanakheir alimwambia angoje mvua ikatike. Hakungoja. Alipiga mpaka mikono ikachubuka, na alipofika kwenye tundu la ukuta wa nje maji yakajivuta, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, yakatoka kwenda mtaroni. Palipokuwa na dimbwi ukaonekana mstari wa ukungu, umefika magotini.

Alipotoka nje kalowa chapachapa, wenziwe walikuwa wamesharudi, wamebanana chini ya upenu na Hafiz, wakinusuru makaa.

— Lakini yakhe, Hati alinong'ona, huyu nesi. Mgeni. Leo hii, saa hii. Nani kamleta?

— Ripoti nilizonazo… alianza Ripoti.

Mzee Ubwa aliwapita. Akaenda mlango wa pili, akagonga. Dirisha la juu likafunguka kidogo; kumbe Shabbir hakuwa dukani siku hiyo.

— Nani?

— Mimi.

— Mimi nani?

Miaka arobaini hakuwahi kuulizwa swali hilo kwenye mlango ule.

— Ubwa. Jirani yako. Ndimi niliyekuzibia mlizamu.

Dirisha likafungwa. Mzee Ubwa alisimama pale pale, maji yakimtiririka mgongoni. Kisha akasikia nyayo zinashuka polepole, na komeo. Mlango ukafunguka upana wa uso.

— Umekuja na nani?

— Peke yangu.

Shabbir alichungulia kichochoroni kushoto, akachungulia kulia, akamtazama Ubwa mikono iliyochubuka. Ndipo akaufungua mlango wote.

— Shika ukuta unapopanda, alisema. Ngazi zimejaa maji.