Historia ya Jovina Bukuru, Mkaguzi wa Tovuti ya Waliopotezana

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu mliovuka mto na majirani zetu wa Nyarubungo, poleni kwa msiba, mimi ni Nyamizi Malongo, dada yake Gervas, mume wa marehemu, na hivyo wifi yake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, naomba mnivumilie.

Marehemu Jovina Bukuru alizaliwa tarehe 12 Februari 1978 huko Muyinga, Burundi, akiwa wa kwanza kati ya mapacha, na kwa Wasukuma wenzangu msiojua, Warundi humwita pacha anayetangulia Bukuru na anayemfuata Butoyi, hakuna mjadala, hivyo mdogo wake akawa Celestini Butoyi, na marehemu alipenda kudai kwamba kwa dakika zile chache alizomtangulia alistahili shikamoo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985, na mwaka 1987 surua ikampofusha, lakini masomo hakuyaacha, kwani Butoyi alimwongoza njia nzima na kumnong'oneza yaliyoandikwa ubaoni, wakamaliza wote mwaka 1991, wakijua Kifaransa cha kutosha kugombana. Wazazi wao walipouawa vitani, Oktoba 1996, mapacha hao walikimbia hadi mto Ruvubu, ambako mtumbwi ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, Butoyi akampandisha dada yake, akasema anakuja na mtumbwi unaofuata, na marehemu aliposhuka upande wa Ngara alikaa ukingoni akiita mpaka sauti ikakauka, ndipo wenzake wakamchukua hadi kambi ya Lukole.

Kambini alijifunza Kiswahili na maandishi ya nukta nundu, kisha akapelekwa shule ya wasioona mkoani Tabora, ambako mwaka 2001 alihitimu kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti. Tarehe 8 Juni 2002 alifunga ndoa na mdogo wangu Gervas, dereva wa malori ya chakula cha wakimbizi, na sisi mawifi tulinuna, mkimbizi, tena haoni, lakini kwa utani wake alitushinda kabla pilau haijaisha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dafroza, aliyezaliwa mwaka 2003, na Leonidas, aliyezaliwa mwaka 2005.

Mwezi Februari 2006 aliajiriwa mjini Ngara na shirika lililokuwa likitengeneza tovuti ya ndugu waliopotezana, na kazi yake, pamoja na fundi Evarista, ilikuwa kuhakikisha kwamba asiyeona, mwenye mikono mizito na asiyetofautisha rangi wote wanaweza kuitumia, hivyo alikiweka kipanya kando, akapita kila ukurasa kwa kibodi na masikio. Palipokuwa na picha za watoto zisizo na maelezo sauti ya kompyuta ilisema picha, picha, picha, na alituambia kwamba siku hiyo alihisi watoto wale wamesimama mbele yake wamefumbwa midomo, Evarista akaandika maneno chini ya kila picha, na ukurasa uliokuwa ukijifunga kabla mtu mwenye mikono mizito hajamaliza kujaza akaupa muda zaidi.

Mwezi Mei, akiyasikiliza majina ya tovuti wakati wa chakula cha mchana, alisikia jina la Butoyi Celestini, likifuatwa na jina la mama yao na la kilima chao, basi akatuma ombi la kukutanishwa kama mtu mwingine yeyote, bila kumwambia mtu ofisini, kwa kuogopa kwamba neema ikitangazwa mapema huharibika, ila nyumbani alituimbia, akamnunulia pacha wake shati, na kila jioni alimtengea sahani, watoto wakakatazwa kuigusa.

Mwezi Septemba ikafika zamu ya kukagua rangi, akamwuliza Evarista rangi za ukurasa wa majina zina kazi gani, akajibiwa kwamba nyeusi ni wanaotafutwa, kijani ni waliopatikana, nyekundu ni waliofariki, na hapo marehemu akaelewa kwamba sauti ilikuwa ikiwasoma wazima na wafu namna moja. Alimwambia Evarista kwamba rangi peke yake haitoshi, kila jina liongezewe neno, naye Evarista, asiyejua lolote, akaliongeza mchana uleule, na marehemu hakuuliza Butoyi ana rangi gani, alirudi kwenye kiti chake akaanza kusikiliza tangu mwanzo, na majina ya herufi B hayako mbali.

Sauti ilisema, Butoyi Celestini, amefariki.

Niwieni radhi. Wifi yangu aliendelea kusikiliza mpaka jina la mwisho, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, kisha akatoa taarifa kwamba ukurasa ule sasa unamfaa kila mtu, na aliporudi nyumbani aliiosha ile sahani, akairudisha kwenye nyingine, nasi tukaelewa.

Julai 2007 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na kila aliyeingia wodini, marehemu alimwuliza jina, na akishajibiwa alimwuliza tena, uko hai, daktari, muuguzi, hata watoto wake, sote tukajifunza kujibu kwamba tuko hai. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba aliuliza jina akielekeza uso mlangoni, ambako mimi na Gervas hatukuona mtu, akatega sikio, uso ukamnawiri, na lile swali la pili hakuliuliza, akafariki kabla ya saa sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Evarista na wenzake wa ofisini waliofika na turubai na maji, na majirani ambao hamjalala tangu juzi.

Wifi yangu, pumzika kwa amani, wewe na Butoyi.