Historia ya Kaka Yetu Sumaku, Mthamini wa Magari, Pamoja na Habari ya Pikapu ya Baba

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, yule fundi wa gereji mnayemfahamu kwa kelele zake, baada ya dada yao kusema kwamba yeye sauti haitatoka, na shemeji, yaani mjane, kusema asome huyo huyo fundi kwa kuwa ana jambo lake la kusema, na mdogo wake anaomba avumiliwe, maana hakusoma sana, na anayoyaandika huyaandika kama anavyoyatamka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba aliyekuwa dereva wa gari la mizigo na mama aliyekuwa mshonaji, akafuatiwa na dada mwaka 1960 na mdogo wake mwaka 1962, na inasemekana siku alipozaliwa marehemu baba alipiga honi kuanzia kona ya mtaa mpaka mlangoni, majirani wakatoka na nguo za kulalia kuuliza kuna nini, ilhali siku alipozaliwa mdogo wake baba alikuwa safarini na honi haikupigwa, jambo ambalo mdogo wake alilijua akiwa na miaka minne na hajalisahau hadi leo.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1976 na kuhitimu tarehe 24 Novemba 1978, na katika miaka hiyo yote mwandiko wake ulikuwa wa kutundikwa ukutani, wakati mdogo wake alikuwa akirithi mashati yake, madaftari yake yenye kurasa zilizobaki, na walimu wake waliomuuliza kila asubuhi mbona wewe hufanani na kaka yako. Mdogo wake alipomaliza darasa la saba baba alimwita barazani akamwambia, mwanangu, nguvu zangu zinatosha mmoja, huyu amalize kwanza, wewe subiri kidogo, na mdogo wake alisubiri, akaona kusubiri hakuishi, akaingia gereji akiwa na miaka kumi na minne na kujifunza kusoma upya kwa vitabu vya vipuri.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Januari 1980 na kampuni ya bima kama karani wa madai, akapata cheti cha uthamini wa magari mwaka 1986, na tarehe 1 Aprili 1994 akafungua ofisi yake mwenyewe, chumba kimoja juu ya duka la vioo, chenye meza ya chuma, kabati la mafaili na dirisha linalotazama maegesho, na kwa wasioifahamu kazi ile, mthamini ni mtu anayeitwa pale gari linapogongwa na bima inataka kujua hasara, au linapotakiwa kulipiwa kodi, au watu wanapolivutana mahakamani, naye hulizunguka, hulala chini yake, husoma namba ya chesisi na namba ya injini, kisha huandika karatasi na kuipiga muhuri, na karatasi hiyo ikishapata muhuri hata hakimu huvaa miwani kuisoma. Mdogo wake aliiona kazi hiyo kuwa ni ya kutazama kwa saa moja gari ambalo fundi amelilalia mgongo wiki tatu, halafu mtazamaji akaitwa mheshimiwa na aliyelala chini akaitwa wewe.

Jina la Sumaku alilipata mwaka 1996, na mdogo wake anajua lilivyopatikana kwa sababu lilipatikana gerejini kwake, mteja akiwa amesimama pale pale na funguo mkononi, marehemu akatoa mfukoni sumaku yake iliyofungwa kitambaa ili isikwangue rangi, akaipitisha kwenye mlango wa gari ambao mdogo wake aliunyoosha, sumaku ikashika, ikashika, ilipofika chini ya kitasa ikadondoka pu, kwa kuwa pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti iliyopakwa nene na kusuguliwa ikang'aa. Mteja akasema, kumbe fundi umenijengea ukuta, watu wakacheka, na marehemu hakucheka, aliandika tu kwenye fomu yake kwamba mlango una puti, na mdogo wake angependelea acheke, maana mtu akikucheka unaweza kumrushia spana.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na mwalimu wa hisabati, nao walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, ambao wote wapo hapa na wote wana vyeti, na siku ya harusi gari la maharusi liliendeshwa na mdogo wake, ambaye alikuwa amelirudishia uhai usiku mmoja kabla, na katika hotuba zote nne zilizotolewa siku hiyo bwana harusi alisifiwa kwa tabia, kwa elimu na hata kwa urefu, na hakuna aliyeuliza gari limewakaje.

Kwa watu wa kazi yake marehemu alikuwa baba na mwalimu, aliwafundisha vijana saba ambao leo ni wathamini kamili, na mmojawapo ni binti wa mdogo wake, ambaye mwaka 2011 alimaliza shule, na baba yake alipomwambia mwanangu njoo gerejini tufanye kazi pamoja, akajibu kwa adabu zote, baba, mimi naomba nikakae kwa baba mkubwa nijifunze uthamini. Mdogo wake alimruhusu, akamnunulia na kalamu, na jioni hiyo alifungua gia boksi ya gari ambalo halikuwa na tatizo lolote la gia boksi.

Sasa inakuja habari ambayo wengi wenu mnaijua, na mnaijua vibaya, nayo ndiyo iliyomfanya shemeji aseme asome huyu.

Baba yetu alifariki tarehe 3 Februari 2016 na kuacha nyumba, kiwanja na pikapu yake, ambayo kwa miaka tisa ilikuwa imelala nyuma ya nyumba chini ya turubai, tairi zimekaa chini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na wiki mbili baada ya mazishi mdogo wake Sumaku aliomba ruhusa kwa dada, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, akaivuta mpaka gerejini na kuifanyia kazi miezi minane, akaishusha injini, akakata bati lililooza na kuchomelea bati jipya, bati kweli, bila puti hata kijiko kimoja, kwa sababu alijua nani atakuja kuithamini na alitaka sumaku ya mtu huyo ishike kila mahali. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake, asiseme uongo mbele ya jeneza, hakuitengeneza kwa ajili ya baba, aliitengeneza ili kaka yake alazimike kuandika kwa mwandiko ule mzuri kwamba kazi hii ni safi.

Mahakama ilitaka ripoti ya thamani ya mali zote, marehemu akaifanya ya pikapu akishirikiana na mthamini mwingine ili isisemwe kwamba ndugu kawapimia ndugu, na tarehe 20 Novemba 2016 familia ikakutana sebuleni kwa dada, mdogo wake akaichukua ripoti na kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, gari haliendi, injini imekufa, bodi imeoza, thamani yake ni ya chuma chakavu, na pikapu yenyewe iko pale nje ya dirisha, nyekundu, inang'aa kama imetoka kiwandani. Alitoka, akaiwasha, akaacha ingurume, akarudi ndani na kuuliza, hiyo inayonguruma ni nini, ni kuku, na marehemu akamwambia kwa upole, mdogo wangu, soma ukurasa wa pili, naye akajibu, ukurasa wa pili kausome wewe na muhuri wako, akaichana ripoti vipande viwili na kusema kama ni chakavu basi iuzwe kama chakavu, leo leo. Dada alimsihi, lakini fundi mwenyewe ndiye aliyempigia simu mfanyabiashara mmoja wa mbogamboga, na tarehe 2 Desemba pikapu ya baba ikaondoka kwa bei ya chuma, huku mdogo wake amesimama barabarani, mikono mfukoni, akisikiliza injini aliyoifunga kwa mkono wake ikibadilisha gia kuelekea sokoni.

Kuanzia siku hiyo mdogo wake alisema, gerejini, kwa vinyozi, kwenye foleni za benki, popote palipo na masikio mawili, kwamba Sumaku ameishusha thamani ya gari la marehemu baba yake kusudi rafiki yake alipate kwa bei ya bure, na marehemu hakuwa hata anamfahamu yule muuza mboga, lakini maneno yalienda, kampuni mbili za bima zikaacha kumpelekea kazi kwa mwaka mzima, na mmoja wa wakurugenzi akamwambia usoni, mzee, tunasikia mambo. Binti wa mdogo wake alipomuuliza marehemu mbona hujitetei, alisema mthamini akianza kuitetea ripoti yake mitaani, ripoti nayo inakuwa umbea.

Miaka mitano na nusu ikapita bila salamu, mpaka tarehe 11 Mei 2022, lori lilipokosa breki likapenya ukuta wa gereji na kulibonyeza gari la mdogo wake mwenyewe, naye kwa haraka zake akaanza kunyoosha madigadi kabla mtu wa bima hajafika, ndipo binti yake alipopita kumjulia hali na kusema, jamani baba, ungesubiri basi, lakini usijali, thamani inahesabiwa kama gari lilivyokuwa siku ya tukio, ulichofanya baadaye ni chako, hakichanganywi humo. Baba yake akauliza, siku ya tukio, binti akasema ndiyo, na kwenye mirathi ni siku ya kifo, baba akauliza tena, taratibu, hata gari la babu yako, na binti akamtazama kwa mshangao, hata la babu, baba, si iliandikwa ukurasa wa pili, ulikuwa hujui?

Dada alikuwa amevihifadhi vile vipande viwili, na mdogo wake aliviunganisha kwa gundi juu ya meza ya kazi na kusoma kwamba tarehe 3 Februari 2016 gari lilikuwa chakavu, na kwamba matengenezo yote yaliyofanywa baada ya tarehe hiyo ni mali ya fundi aliyeyafanya na hayahusiani na mirathi, na kwamba inapendekezwa fundi huyo apewe gari kama sehemu ya fungu lake kwa thamani hiyo ndogo, asije akanunua jasho lake mwenyewe kwa ndugu zake. Kwa hiyo kaka alikuwa amempa gari zima, kwa haki kabisa na kwa karatasi, na yeye kwa kutomaliza kusoma alimpa muuza mboga, kisha akamchafua aliyempa.

Marehemu alianza kuumwa figo mwaka 2021, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mdogo wake alirudi kumtembelea kuanzia mwezi ule wa Mei, akajifanya amekuja kwa sababu ya ugonjwa, na kaka akajifanya anaamini, wakazungumza juu ya kabureta, juu ya mpira wa miguu, juu ya kila kitu isipokuwa hicho, na mdogo wake anaungama kwamba hata wodini wivu haukumwacha, maana alimkuta daktari amekaa ukingoni mwa kitanda akimwuliza mgonjwa kama gari fulani analotaka kununua linafaa, na kaka, mwenye mirija mkononi, akamjibu daktari, mimi nitakwambia bei tu, muulize huyu mdogo wangu, ndiye anayejua gari, nami hupita nyuma yake. Mdogo wake alikuwa na neno mdomoni, akaenda nalo kujaza chupa ya maji. Kaka yetu alifariki tarehe 17 Machi 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo mmoja, na kila mtu hapa aliyewahi kuisikia habari ya pikapu kutoka kinywani mwa huyo mdogo anaombwa ajue kwamba ilikuwa uongo, wa hasira kwanza, kisha wa wivu, na aliyeisambaza ndiye anayeifuta, na wale wakurugenzi wa bima, ambao amewaona wameketi safu ya tatu, anawaomba wasikie vizuri, Sumaku hakuwahi kumpunja mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliobeba viti na maji tangu juzi, wathamini wenzake waliofunga ofisi zao leo, na dada aliyeweka vipande viwili vya karatasi kwa miaka yote ile bila kumsimanga mtu.

Mdogo wake amefika mwisho wa karatasi, na safari hii ameusoma ukurasa wote.

Kaka, nilikuonea wivu maisha yangu yote, na hukunipunja hata siku moja. Pumzika sasa, na amani ikukae.