Mchoro Ulikuwa Wake: Maisha ya Mama Rafu

Ndugu, jamaa na majirani, dada tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wawili, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la mama yake. Kati ya kitanda na kaunta palikuwa na pazia tu, kwa hiyo alijua bei ya kiberiti kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Alipokuwa na miaka tisa aliteremsha chupa ya peremende kutoka rafu ya juu, akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, usawa wa macho ya watoto. Chupa iliyokuwa ikimaliza mwezi ikaisha kwa siku nne. Mama yake aliitazama, akamtazama na bintiye, akasema, "Wewe hujauza, mwanangu. Umetega." Kisha akacheka, akamtuma kuijaza tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978. Hesabu zilimpenda, na daftari zake zilijaa michoro ya vyumba, milango na meza, hata pale walipotakiwa kuchora moyo wa chura. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Anaona haraka, anafikiri baadaye." Miaka mingi dada alilisimulia hilo kwa kicheko. Baadaye aliacha kulisimulia.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa keshia katika duka kubwa la kujihudumia. Kazi ya keshia ni kutazama mikono, lakini yeye alitazama miguu. Aliona kwamba watu wengi wakiingia hugeukia kulia, na kwamba aliyekuja kununua mkate tu hununua mkate tu, kwa kuwa mkate ulikuwa mlangoni. Mwaka 1991 alijipa moyo akamfuata meneja na mchoro alioukunja mara nne. Mkate, maziwa na sukari viende mwisho kabisa wa duka. Vyenye faida kubwa vikae usawa wa macho, vya bei nafuu wateja wavitafute kwa kuinama. Saa ya ukutani iondolewe. Muziki upigwe polepole, maana mtu hutembea kwa mwendo wa anachosikia.

"Na vikapu?" meneja aliuliza.

"Vikapu vichache, vitoroli vingi. Kitoroli kikiwa kitupu kinamtia mtu aibu."

Ndani ya miezi mitatu alikuwa na ofisi yake na jina jipya. Tangu hapo mjini kote aliitwa Mama Rafu, na maduka mengine matano ya kampuni ile yalipangwa kwa mkono wake. Majirani walimtania kwamba wakifuata sabuni wanarudi na sufuria. Naye aliwajibu, "Sufuria si mliipenda?"

Alikuwa ameolewa tarehe 6 Septemba 1986 na fundi umeme aliyekuja kufunga taa juu ya kaunta yake. Kazi ya nusu saa, fundi aliifanya siku tatu. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Walikuwa chanda na pete, na kama chanda na pete, wakati mwingine walibanana.

Walibanana sana mwaka 2004, duka la sita lilipojengwa. Dada alilichora kama njia moja tu, inayopinda na kupinda, bila mkato, ili mteja apite mbele ya kila kitu kabla ya kuiona kaunta. Mchoro ulikuwa na tatizo moja. Mwisho wa duka, karibu na mikate, palikuwa na mlango wa dharura. Dada aliamini kwamba mteja akiona mlango hukumbuka nyumbani. Akaweka mbele yake rafu ndefu ya biskuti, yenye magurudumu.

Mumewe alikuwa akifunga taa za upande ule. Akashuka kwenye ngazi.

"Mama, mlango wa dharura hauzibwi."

"Sijauziba. Ina magurudumu. Anayetaka atasukuma."

"Ikiwa tupu. Ikijaa je?"

"Wewe shughulika na nyaya zako, baba."

Akashughulika na nyaya zake. Hilo nalo limemkaa fundi kooni mpaka leo, na ameruhusu lisemwe.

Jumamosi tarehe 11 Juni 2005, saa kumi jioni, mota ya jokofu iliungua na moshi ukajaa dukani. Watu walikimbia kwa kuifuata njia, wakapinda na kupinda, wakigongana na vitoroli, na kwa rehema za Mungu wakatoka wote kwa mbele. Hakutoka mfagizi mmoja, mama wa makamo ambaye kila asubuhi alipiga deki mbele ya rafu ile. Yeye peke yake, kati ya wote waliokuwemo, alijua kwamba nyuma ya biskuti kuna mlango. Kwa hiyo ndiko alikokwenda. Walimkuta hapo, mikono ikiwa kwenye rafu. Alikuwa ameisogeza shubiri mbili.

Dada aliitwa akaonyeshwa. Alipiga magoti akazipima zile shubiri kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya tatu meneja alimfuata nyumbani. Alikaa sebuleni, akakataa chai, akasema kampuni imekwisha kupanga. Mlinzi wa zamu atasema aliisogeza rafu mlangoni yeye, kwa uzembe wake.

"Ameisogeza?" dada aliuliza.

"Atasema ameisogeza. Wewe nyamaza tu. Una watoto."

"Na yeye anao."

"Mama Rafu, mfu harudi."

Mdogo wake alikuwepo sebuleni siku ile, naye anakiri kwamba alimshauri anyamaze. Kila aliyempenda alimshauri hivyo, isipokuwa fundi, ambaye hakumshauri chochote. Dada hakuwa shujaa. Alikaa kimya siku tisa, mlinzi akiwa rumande, na aliziita zile siku tisa dhambi yake ya pili. Siku ya kumi alichukua mchoro, akaenda nao kituoni, akauweka mezani. "Rafu hiyo hakuiweka mlinzi," alisema. "Ilikuwa pale nilipoichora mimi."

Mlinzi aliachiwa. Kampuni ilitozwa faini, na meneja akahamishiwa duka jingine. Dada alihukumiwa mwaka mmoja, akautumikia wote. Aliporudi hakuajiriwa tena popote. Alishona mashuka nyumbani, na mara moja kwa wiki alizunguka madukani, akienda moja kwa moja mpaka nyuma kabisa na kusukuma mlango kuona kama unafunguka. Alitolewa nje mara nyingi. Wengine walimwona amerukwa na akili. Milango minne ilizibuliwa kwa sababu yake. Alikuwa na hesabu yake kichwani, na hakuwahi kuisema kwa fahari.

Alikwenda pia kwa binti wa yule mfagizi. Mara ya kwanza alifungiwa mlango, na mara ya pili vilevile. Mara ya tatu binti alitoka, wakakaa barazani mpaka jua likazama. Binti ndipo aliposema, "Sijakusamehe. Lakini ukitaka kuja, njoo." Dada alikwenda kila mwezi kwa miaka kumi na minne.

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi kilichompoozesha upande wa kushoto. Alihudumiwa na mumewe, ambaye alijifunza kumsuka nywele, na kumsuka vibaya. Mwezi uliopita alimwita mdogo wake, akamwambia kwa ulimi mzito, "Wasifu wangu utausoma wewe. Usiuruke mwaka ule. Ukiuruka, wanaoujua watausoma wenyewe kimyakimya." Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, wajukuu watatu, na mdogo wake, anayesoma haya. Mlinzi yupo hapa pamoja na mkewe. Binti wa mfagizi naye yupo. Tulipomuuliza aandikwe vipi kwenye karatasi hii, kama ndugu au kama rafiki, alisema si ndugu wala si rafiki, aandikwe tu kwamba alikuja.

Alikuja.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani, na yule aliyemtangulia pia.