Historia ya Marehemu Mdogo Wetu Hesabu, Ambaye Hakuugua Ghafla

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka yake mkubwa, na kikao cha jana kilinitaka nisome kwamba marehemu aliugua ghafla, jambo ambalo sitalisoma, maana mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio ndicho hiki.

Marehemu, mliyezoea kumwita Hesabu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 katika zahanati iliyo nyuma ya stesheni, akaanza shule mwaka 1988, akaanguka kifafa darasani mwaka 1991, dawati lake likachomwa moto kama lina ukoma, akahamishwa, na huko alikohamia akawaburuza wote mpaka chuo kikuu.

Mwaka 2006 aliajiriwa na maabara ya hospitali kuu, akichunguza mawimbi ya ubongo wa wenye kifafa kwa hesabu za habari, ambazo kwazo habari ni lile usilolitarajia, na arudiaye lile lile hajakuambia kitu. Wakubwa wake walikuwa wakizikata na kuzitupa sehemu tulivu za rekodi, eti hazina kitu, naye akagombana nao miaka minne hadi wakakubali kuzitunza, na humo ndimo alimoona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, kabla ya kuanguka, sehemu za ubongo huacha kuambiana jipya, zote zikaitikia neno moja.

Alifunga ndoa mwaka 2009 na fundi umeme, huyu anayelia hapa mbele, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2012.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, asubuhi, alianguka kando ya duka la vitambaa, uso ukaingia mtaroni, nanyi mkamzunguka, kila mmoja akimtazama mwenzake, mkiogopa povu, ilhali kifafa hakiambukizi, akafa kwa maji yasiyofika kifundo cha mguu. Nina hasira, na sitaimeza.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, na wenzake wa maabara waliofunga kazi leo. Majirani, asanteni kwa turubai na viti, na kwa kugombania kubeba jeneza, ingawa mkono mmoja tu kati ya mikono hiyo ungetosha kumgeuza.

Binti yake, mpwa wangu, naye ana kifafa, na kesho anapita njia ile ile kwenda shule. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye mpaka azinduke.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sisi bado.