Tope Lililokaukia Mkononi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Kabla sijaanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Mwenyekiti wa kikundi chetu hapa kanisani alitaka nisimame niongee tu, lakini mnanijua. Nikisimama mbele ya watu sauti inarudi tumboni. Kwa hivyo nimeandika, polepole, na nitasoma polepole. Shule niliachia darasa la nane. Mahali nimekosea herufi nitasoma kama niliandika sawa, na nyinyi mtanyamaza.

Sitataja majina. Wale wanaohusika wako hapa, na mmoja tayari anacheka.

Mimi na ndugu yangu mdogo tulianza kazi ya mizinga siku moja. Mti wa mama, ule wa mukau, ulianguka shambani kwa upepo, tukakata gogo katikati, yeye akachukua nusu na mimi nusu. Tulichonga tukiwa tumekaa pamoja, tukatundika kwa mgunga mmoja, ule mkubwa ulio karibu na mto mkavu. Mvua ikanyesha, mgunga ukatoa maua, nyuki wakaja. Waliuzunguka mzinga wangu, wakafika hadi mlangoni, wakageuka. Wakaingia wake.

Nikasema sawa, watakuja wengine. Wakaja wengine, wakapita.

Ndugu zangu, nawaambia, wivu kwa mtu baki unaweza kuukimbia. Wivu kwa mtu mnayelala naye nyumba moja unakungoja kitandani. Nilikuwa nikipita chini ya ule mgunga nasikia mzinga wake unavuma kama posho mill ya kusaga mahindi ikiwa mbali, na wangu kimya kabisa. Nikaanza kuzunguka njia ndefu ya mtoni ili nisiusikie. Akipiga mluzi akiwa anaoga, nilikasirika. Akimwekea mama asali kwenye uji, nilisema mimi uji mtamu unanipa kiungulia. Ulikuwa uongo. Nilikuwa naramba mwiko wakitoka.

Halafu akapata msichana, na nyumbani kwa msichana wakamkubali. Mimi ndiye mkubwa na sikuwa na mtu. Mnajua kwetu asali ndiyo inayotangulia ukweni, na mdogo akitaka kumpita mkubwa, lazima mkubwa aseme sawa mbele ya watu. Ndugu yangu akanijia kwa heshima, akasema, "Kaka, nikitoa asali msimu huu, nataka wewe ndiwe uibebe mbele."

Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Nililala nikiangalia mabati.

Wakati huo kijana wa jirani alikuwa amekuja likizo kutoka chuo kikuu pale Embu. Nikamweleza mambo yangu. Gogo moja, mti mmoja, siku moja, kwa nini yeye na si mimi? Akafurahi sana, kama mtu aliyekuwa akilingojea hilo swali. Akaniambia kuna watu wasomi wanaosema huenda dunia hii yote ni kama gemu ndani ya kompyuta kubwa. Sisi ni wale watu wadogo wanaokimbia kwenye skrini. Kila kitu kimepangwa tayari, hata yale tunayodhani tumechagua.

"Hata sasa ukikataa," akasema, "imeandikwa ukatae."

"Na huyo anayenicheza, mbona ananicheza vibaya?"

"Pengine hajui kama uko."

Nyinyi mnacheka. Mimi sikucheka. Nilisikia kama nimetuliwa mzigo. Kumbe si mimi! Kumbe nimepangiwa mzinga mtupu, na ndugu yangu amepangiwa nyuki na msichana. Nikaacha kwenda kuangalia mzinga. Nikaacha kulima. Nilishinda sokoni kwenye kibanda cha gemu za mpira, nikiangalia wale wachezaji wa skrini wakikimbizwa huku na huku, nikiwaonea huruma kama jamaa zangu.

Mama akaniuliza mbona mbuzi hawajapelekwa kunywa maji. Nikamwambia, "Mama, kama imepangwa watakunywa, watakunywa."

Mama akaniangalia. Jioni tukakaa kula, akapakua sahani yake na ya ndugu yangu, akafunika sufuria.

"Na yangu?"

"Mwambie huyo aliyekupanga akupangie na githeri. Mimi nimepangiwa nisikupakulie."

Ndugu yangu akatema maji kwa kucheka. Mimi nikatoka nje. Njaa ilikuwa kidogo, lakini kile kicheko ndicho kilichonikaa kifuani. Nikasema, sasa asali hiyo haitafika ukweni.

Asubuhi kabla jua halijatoka, nyuki wakiwa bado wametulia kwa baridi, nikaenda mtoni. Kulikuwa na maji kidogo yaliyobaki chini ya mwamba. Nikakoroga tope zito, nikajaza kiganja, nikapanda ule mgunga kwa mkono mmoja. Nilitaka kuziba mlango wa mzinga wake. Ukizibwa, kwa joto la huku kwetu, nyie wenyewe mnajua kinachobaki ndani.

Nikakaa kwenye tawi. Wake ulikuwa kulia, wangu kushoto, karibu nao hata ningeweza kuegemea. Nikanyoosha mkono wenye tope. Hapo nikakumbuka yale maneno ya kijana wa chuo, nikasema moyoni, haya, kama imepangwa nizibe, mkono uende. Nisiusukume mimi. Uende wenyewe.

Nikangoja.

Ndugu zangu, mkono haukwenda popote. Ulikaa tu pale hewani ukianza kuchoka, kama mbwa anayekuangalia umwambie la kufanya. Jua likatoka. Tope likaanza kukauka, likapasuka vidoleni, na bado hakuja mtu wa kunisukuma mbele wala wa kunirudisha nyuma. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, na hakukuwa na kitu cha kuogopwa ila mimi mwenyewe.

Jua lilipopiga mzinga wangu, nikasikia harufu. Rangi.

Kuna jambo sikumwambia kijana wa chuo, na hata nyinyi sijawaambia mpaka sasa. Ni kweli gogo lilikuwa moja. Lakini tulipomaliza kuchonga, ndugu yangu alifukiza wake kwa moshi na kuupaka nta ndani, kama watu wote. Mimi nilitaka wangu upendeze kuliko wake. Niliuosha ndani kwa sabuni ya unga, nikaupaka ile rangi ya buluu iliyobaki ya mlango wa kanisa, nje na ndani. Ndugu yangu aliniambia, "Kaka, hiyo harufu itawafukuza." Nikamjibu, "Unanionea wivu." Mimi, nikamwambia yeye hivyo!

Hilo lilitoka akilini mwangu kabisa. Hapana, nisidanganye kanisani. Nililitoa. Kila nilipohesabu kilichotutenganisha, nilisema gogo moja, mti mmoja, siku moja, na nikaruka rangi.

Nikiwa bado juu, nikasikia kengele za mbuzi. Ndugu yangu alikuwa chini.

"Kaka! Umekuja kuangalia wako?"

"Mm."

"Na hilo tope?"

Ningeweza kusema ni la kuziba ufa. Mdomo nao ulikuwa unaningoja, kama mkono. Nikasema, "Lilikuwa la kuziba wako."

Fimbo yake ikamwanguka.

"Shuka kwanza," akasema. "Hilo tawi haliwezi kukubeba wewe na hasira zako."

Nikashuka. Hatukuangaliana. Akaniuliza, "Mbona hukuziba?"

"Nilikuwa nangoja kusukumwa."

"Na nani?"

"Sijui. Hakuja."

Akaokota fimbo yake, akarudisha mbuzi mmoja aliyekuwa anapotea, kisha akasema bila kugeuka, "Asali bado iko. Utabeba ama hutabeba?"

"Nitabeba."

"Umepangiwa?"

"Hapana. Nimesema."

Nikabeba. Wengine wenu mlikuwa pale, mliniona nimetangulia na kibuyu, na nikasema sawa mbele ya wazee kwa sauti ambayo hata mama alishangaa. Mlidhani nafurahi. Nilikuwa nafurahi nusu. Ile nusu nyingine iliumia njia yote, na iliumia zaidi msichana alipotoka akitabasamu. Lakini miguu ilikuwa yangu.

Mzinga niliushusha, nikaukwangua kwa panga na mchanga, nikaufukiza, nikaomba nta kwa ndugu yangu, nikaurudisha juu. Mpaka leo ni mtupu. Nyuki wana mambo yao, na hayo siwezi kuyapanga. Nikipita pale bado nasikia wa ndugu yangu ukivuma, na bado kuna kitu kinanikata. Tofauti ni kwamba sasa napita njia fupi.

Kijana wa chuo nilimweleza yote. Akafikiri, akaniuliza, "Na utajuaje kama hata kungoja kwako kulikuwa kumepangwa?" Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Nikamwonyesha kucha zangu, zina buluu hadi leo. Nikamwambia, aliyepaka ni huyu na aliyekwangua ni huyu. Yule mwingine anayenicheza akija, nitamsalimu.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi kwa kutonifuta kwenye orodha siku zile mlipoona siji. Namshukuru mama kwa ile sahani ambayo hakunipakulia. Na wewe ndugu yangu, asante kwa kuniambia nishuke kwanza. Funzo langu ni dogo: ukihesabu yaliyokupata, usiruke rangi uliyopaka mwenyewe.

Sasa, mkiwa na swali, tafadhali msinyooshe mkono, nitakimbia. Andikeni kwenye karatasi muweke kwenye kikapu cha mlangoni. Hata mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu. Kama kuna mwingine hapa ambaye amewahi kukaa juu ya tawi na tope mkononi, aniandikie, asiweke jina; jibu langu atalikuta kwenye kikapu hicho hicho. Nitamjibu. Nitachelewa kidogo, lakini nitamjibu.